Kwa Baisikeli Katika Vilima vya Karatu

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu yupo karibu na ubao, maana leo tutahitaji chaki. Aliye na daftari na aliweke magotini. Asiye nalo asikilize tu. Maneno haya yatapigwa chapa na kuletwa darasani, mpate kuyasoma polepole.

Somo la leo ni juu ya kuendesha baisikeli katika nchi ya vilima. Nasikia wengine wanacheka. Mzee mmoja wa darasa la Rhotia aliniambia, "Bwana Elimu, baisikeli naijua tangu ujana wangu. Nifundishe kusoma barua, baisikeli niachie mwenyewe." Nilimjibu kwamba nitamfundisha yote mawili. Watu wengi wanaojua kuendesha baisikeli hawajui kuiteremsha, nayo barabara ya kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu haimsamehe mtu asiyejua.

Wengine watauliza: siku hizi si kuna bodaboda? Zipo, tena nyingi. Lakini bodaboda yataka nauli. Tuseme una debe mbili za maharage, kama kilo 35 hivi. Ukilipa nauli ya kwenda sokoni na nauli ya kurudi, kwanza toa nauli hizo katika bei ya maharage, ndipo ujue umepata nini. Andikeni hesabu hiyo katika daftari kwa nauli ya kijijini kwenu, kila mtu yake. Baisikeli nayo ina gharama, sikatai: tairi, mpira wa ndani, grisi, fundi. Lakini haili petroli.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Ukitoka Makuyuni, barabara ya lami yaenda tambarare kiasi cha kilomita 37 mpaka Mto wa Mbu. Mbele yako utaona ukuta mkubwa wa mawe na miti, umesimama toka kaskazini mpaka kusini. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Zamani za kale sana ardhi hapa ilipasuka, upande mmoja ukadidimia na mwingine ukabaki juu. Mto wa Mbu na Ziwa Manyara viko katika upande uliodidimia, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Karatu uko upande wa juu, kiasi cha mita 1,500. Kati ya miji hii miwili ni mwendo usiotimia kilomita 30. Maana yake ni kwamba katika mwendo huo mfupi mtu hupanda nusu kilomita kwenda juu, na sehemu kubwa ya kupanda huko ipo palepale ukutani, katika kona chache.

Barabara ile ilikuwa ya vumbi na makorongo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipowekwa lami kwa msaada wa Japani, toka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro, kiasi cha kilomita 77. Lami imetufaa sana. Hata hivyo imeleta jambo moja: baisikeli yateleza mbio kuliko zamani, na magari vilevile.

Tuanze na kupanda. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: 48, na chini yake 20.

Baisikeli zetu nyingi, kama vile Phoenix na Hero, hazina gia za kubadili. Zina gurudumu la meno pale penye pedeli, na jingine dogo nyuma, ambalo mafundi huliita frewili. Hesabuni meno ya baisikeli yenu wenyewe, msiamini yangu. Tuseme la mbele lina meno 48 na la nyuma lina 20. Gawanya 48 kwa 20, utapata 2.4. Yaani ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na zaidi kidogo. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda kiasi cha mita 2.2. Basi kila mzunguko wa pedeli wakusogeza mita 5 na robo hivi. Kwenye tambarare ni vizuri. Kwenye mlima ni mzigo, kwa sababu mguu wako walazimika kuinua mwili wako, baisikeli na maharage yako kwa mita hizo zote kwa pigo moja.

Sasa fundi akikuwekea frewili yenye meno 22, gawanya tena. Utapata 2.18, na kila mzunguko utakwenda mita 4.8. Utakwenda polepole zaidi, lakini mguu hautaumia sana. Tofauti ya meno mawili tu! Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa kipande kimoja, fundi atajua. Katika nchi yetu ya vilima mimi naona fedha hiyo si ya kupotea.

Na mahali mlima unapokushinda, shuka usukume. Vijana huona aibu, hukazana juu ya pedeli mpaka pumzi zinakatika, huku baisikeli yayumba barabarani kama mlevi na lori laja nyuma. Mwenye aibu ni huyo. Anayesukuma baisikeli amesimama imara kwa miguu yake na anawasikia wanaomjia.

Ukifika juu ya ukingo, pumzika. Geuka nyuma ulitazame Ziwa Manyara. Hifadhi ya Taifa iliyo pale chini ilianzishwa mwaka 1960, nayo imejulikana sana kwa simba wake wapandao miti. Nyani wapo mpaka barabarani. Usile mbele yao, wala usifungue kifurushi. Nitawaambia baadaye kwa nini nasema hivyo.

Kutoka hapo mpaka Karatu nchi ni mawimbi matupu: wateremka, wapanda, wateremka tena. Udongo ni mwekundu, wenye rutuba, kwa sababu milima ile ya Ngorongoro na Oldeani ilikuwa volkano, nayo ilimwaga majivu yake nchi nzima. Katika udongo huo twalima mahindi, maharage, ngano, mbaazi na ngwara. Lakini udongo uleule, mvua ya masika ikinyesha toka Machi mpaka Mei, huwa kama sabuni. Ukiacha lami kuingia njia za vijijini wakati huo, matope hujaa katikati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu lagoma kuzunguka. Chukua kijiti cha kukwangulia. Au ngoja jua litoke.

Hapa nitatoka kidogo katika njia, maana safari ya baisikeli si kufika tu. Mtu wa gari hupita Rhotia kwa dakika chache, haoni kitu. Mtu wa baisikeli huona mji wa nani huu, na mtaro huu ulichimbwa vipi, na kwa nini nyumba ile imeegemea mlima.

Wairaqw walipoenea huku toka nchi yao ya zamani ya Mbulu walikuja na ujuzi wa kujenga. Nyumba ya kale ya Mwiraqw ilichimbwa ndani ya mteremko wa kilima. Paa lake lilikuwa bapa, la miti na udongo, nalo lilikwenda sawasawa na ardhi ya mlima, majani yakaota juu yake. Usiku ng'ombe waliingizwa ndani pamoja na watu. Wamaasai walipokuja kuteka mifugo, adui aliweza kupita karibu kabisa bila kujua kwamba chini yake wamelala watu na ng'ombe. Leo Mwiraqw na Mmaasai hukutana mnadani wakauziana mbuzi, na nyumba hizo zimebaki chache, nyingine hutunzwa ili wageni wazione. Wazee waliozaliwa ndani yake mnao humo darasani. Waulizeni, kisha andikeni watakayosema.

Ukiwa Rhotia, iko njia ya kuingia upande wa kaskazini, kwenda Mbulumbulu na Kitete. Kitete ya Juu ni kijiji chenye historia. Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, familia kiasi cha 100 zilikaa pale katika mpango wa makazi mapya, zikalima ngano kwa pamoja. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakati vijiji vya ujamaa vilikuwa bado havijaanza kusemwa kila mahali. Kijiji kiko ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa. Ukisimama mwisho wa mashamba waona nchi ya Selela chini, kama mtu aliye darini. Lakini angalieni: kati ya Kitete na Selela ni mapito ya tembo na nyati, wanaotoka msitu wa Ngorongoro kushuka bondeni. Asubuhi mapema na jioni si saa za baisikeli huko. Uliza wenyeji kwanza. Ukiona kinyesi kibichi barabarani, rudi.

Upande mwingine, kusini-magharibi mwa Ngorongoro, kuna Oldeani, nchi ya kahawa. Wakulima wa Kijerumani walifungua mashamba makubwa pale katika miaka ya 1920 na 1930. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliokuwa wakitawala Tanganyika waliwatia kizuizini, na mashamba yao yakachukuliwa kuwa mali ya adui. Kahawa ingali inalimwa. Njia za kupita kati ya mashamba hayo zina kivuli na magari ni machache. Kwa mtu anayejifunza baisikeli ukubwani sioni mahali pazuri kuliko hapo.

Na akina mama, msifikiri maneno haya ni ya wanaume tu. Najua wazee wengine husema mwanamke juu ya baisikeli si adabu. Mzazi akipatwa na uchungu usiku, na mkunga akaja kwa baisikeli badala ya kwa miguu, sijamsikia mzee yeyote akimrudisha mlangoni.

Sasa tufikie lango la Ngorongoro, mahali paitwapo Lodoare. Toka Karatu mpaka hapo ni kupanda tena, kiasi cha kilomita 15. Wamaasai wengi husimulia kwamba jina Ngorongoro latokana na mlio wa kengele za ng'ombe. Eneo la Hifadhi lilitengwa na Serengeti mwaka 1959, na mwaka 1979 likaingizwa katika Urithi wa Dunia. Kreta yenyewe ilikuwa volkano iliyobomoka na kuangukia ndani. Kina chake ni kama mita 600, na upana wake wakaribia kilomita 20. Wewe mwenye baisikeli safari yako ishie langoni. Barabara ya ndani yapita msituni, ukungu ni mzito, na nyati hutokea vichakani ghafula. Nyati hajui kengele ya baisikeli. Ukitaka kuiona kreta, iache baisikeli mahali salama, upande gari kwa utaratibu wa Mamlaka. Magari ya watalii nayo yana saa zake: alfajiri hukimbilia langoni, jioni hurudi. Saa hizo kaa mkono wa kushoto kabisa, au ngoja.

Nimesema mengi juu ya kupanda. Sasa kuteremka, na hapa nataka mkae kimya wote.

Mwaka wa kwanza nilipohamishiwa huku nilikuwa na baisikeli ya mitumba, yenye breki za fito, zile za raba mbili zinazobana rimu. Raba zilikwisha. Nikanunua nyingine mnadani, za bei rahisi, nyeusi, ngumu kama ukwato. Siku moja nikafunga keriani kifurushi cha karatasi za mtihani na mkate wa njiani, nikashuka kwenda Mto wa Mbu. Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili nikasikia harufu ya kuungua. Nikadhani ni lori. Nilipobana tena kwa ajili ya kona ya tatu, raba ya nyuma ikaruka nje, na ile ya mbele ikawa yateleza tu kama chuma juu ya chuma.

Nikaweka mguu chini. Soli ya kiatu ikachanika. Chini yangu nililiona lori likipanda. Upande wa kulia palikuwa na lori na, nyuma yake, bonde. Upande wa kushoto mtaro na mlima. Niliugeuza usukani nikauingia mtaro. Nilivunjika mfupa wa bega, na alama za mawe ninazo usoni mpaka leo. Waliokuwa ndani ya lori walishuka, wakaniinua, wakanipandisha juu ya ndizi zao mpaka Karatu. Wakati wakinifunga mkono kwa kanga nyani walikuja wakauchukua mkate. Karatasi tatu za mtihani pia. Wanafunzi wale watatu ilibidi wafanye mtihani tena, nami niliwaomba radhi.

Basi nilikosa nini? Raba mbaya, ndiyo. Lakini hata raba nzuri ingeungua kwa jinsi nilivyoteremka. Sikilizeni sababu.

Baisikeli inaposhuka hupata mwendo, na mwendo huo ni nguvu. Breki hailimezi tu. Huibadili ikawa joto. Gusa rimu baada ya mteremko mrefu, utaona. Ukibana breki mfululizo toka juu mpaka chini, joto halipati nafasi ya kutoka. Raba yalainika, yaungua, haishiki tena. Tena mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya kuisimamisha baisikeli huwa si mara mbili, huwa mara nne. Mwalimu, andika: 2 mara 2 ni 4. Mwendo ukizidi mara tatu, 3 mara 3 ni 9. Ndiyo sababu anayesema "nitafunga breki nikiona hatari" amekwisha kuchelewa.

Tena fanyeni hesabu hii. Mtu ashukaye kilomita 40 kwa saa huenda mita 40,000 katika sekunde 3,600. Gawanyeni. Mtapata mita 11 na kidogo kwa kila sekunde. Mbuzi akiingia barabarani, na ukachukua sekunde moja tu kushtuka, umekwisha pita mita 11 kabla kidole hakijagusa breki. Pimeni mita 11 nje ya darasa kesho, mwone ni urefu gani.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka, simama juu ya ukingo. Bana breki ya mbele, usukume baisikeli, gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo na ya nyuma. Tazama raba: ikibaki nyembamba, au ikiwa imekaa upande, usishuke juu yake. Kaza nati. Vuta kamba ya mzigo. Mzigo ukae chini na katikati, usiinamie upande, kwa maana mzigo wa kilo 35 ukihama katika kona huivuta baisikeli pamoja na wewe.

Ukianza kushuka, anza polepole. Usingoje mwendo ukue ndipo uupunguze. Bana, achia, bana, achia. Unapoachia, upepo hupoza rimu. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, baisikeli ikiwa bado imenyooka, kisha ipite kona bila kubana sana. Tumia breki mbili pamoja. Ya mbele peke yake kwa ghafula huweza kukurusha juu ya usukani. Mvua ikinyesha, rimu huwa na maji na raba haishiki mara moja. Basi bana kidogo mapema ili kuikausha. Ukisikia harufu ya kuungua, simama. Kaa juu ya jiwe mpaka rimu ipoe. Na ikiwa mzigo ni mzito mno, shuka, utembee nayo. Ukuta ule una kona chache tu.

Siku hizi breki za waya zimeenea, na vijana wengine wana za sahani. Waya hukatika pale unapoingia katika mkono wa breki. Tazama hapo kama nyuzi zimeanza kuchomoka. Uzi mmoja ukichomoka, badili waya wote. Usingoje wa pili.

Kwa wale wa darasa la Mto wa Mbu, ambao kwao ni tambarare na baisikeli ni nyingi kuliko huku juu, nina neno la njia ya kaskazini. Kupita Selela mpaka Engaruka ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50, njia ya mchanga na miiba ya migunga. Chukua viraka, gundi, pampu na maji mengi. Lakini utaona kitu. Chini ya milima yapo mabaki ya vijiji saba vya mawe, na mashamba ya kale kiasi cha hekta 2,000 yaliyonyweshwa kwa mifereji. Watu wa hapo waliishi tangu karne ya 15 mpaka ya 18. Waliyaongoza maji ya mto toka mlimani, wakayapitisha shamba kwa shamba bila chuma cha kisasa wala saruji, kwa kufuata mteremko tu. Mpanda baisikeli aliyekwisha kuhesabu kila kilima kwa miguu yake ataielewa kazi yao kuliko mtu aliyefika kwa gari.

Basi muda wetu umekaribia kwisha. Kazi ya juma hili ni hii. Leteni baisikeli moja darasani, ya mtu yeyote. Hesabuni meno ya mbele na ya nyuma, mgawanye. Pimeni gurudumu kwa kamba, mwone kila mzunguko wa pedeli waenda mita ngapi. Kisha kila mmoja akague breki na kuandika mstari mmoja: ni nzima, au yataka kutengenezwa, na nini. Mwenye baisikeli asome mistari yote kwa sauti mbele ya darasa kabla hajaondoka nayo.

Juma lijalo, siku hii na saa hii, tutaziba pancha. Aliye na mpira wa ndani uliotoboka asiutupe. Kwaherini.